Somo: Sufuria kuukuu ya shaba ya Kifaransa, kutoka pambo hadi kupikia jibini

Wakuu, wengi wakinunua shaba ya kale ya Ufaransa hukimbilia kuing'arisha nje. Anzeni ndani.

1. Jua chombo chako. Huko Jura, milima ya mashariki mwa Ufaransa, jibini ngumu ya Comté hadi leo hupikwa kwenye masufuria makubwa ya shaba tupu, isiyotiwa bati. Normandy, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, ni habari nyingine: ile mitungi ya maziwa yenye shingo nyembamba, kazi ya mafundi wa mji wa Villedieu-les-Poêles, hutiwa bati ndani (tabaka jembamba la madini ya bati), kwa kuwa maziwa hukaa humo. Shaba tupu ni ya kupikia na kumimina, basi. Mafuta ya maziwa yakikaa nayo huchacha upesi, na asidi huitoa shaba ikaingia kwenye chakula.

2. Kagua. Vitu vingi vya mnadani viliuzwa kama mapambo, vikapakwa vanishi. Iondoe yote. Bati la zamani nalo huweza kuwa na madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu. Lipime kabla ya chakula kugusa.

3. Sugua kwa ndimu na chumvi hadi rangi ya kijani iishe kabisa, suuza, kausha papo hapo. Rudia hivyo kila siku ya kupika, si mara moja tu.

4. Pasha maziwa hadi nyuzi 32, tia kigandishi, kata yakishaganda, kisha koroga ukipandisha joto taratibu hadi karibu nyuzi 54. Hapa ndipo utaijua shaba: ukipunguza moto, sufuria inakutii mara moja. Opoa mabonge, yakamue maji, osha chombo.

MASWALI

— Mkuu, mtindi ukilala humo usiku mmoja tu?
Hata huo mmoja hapana. Mtindi ni asidi.

— Mtungi wangu bati limechubuka, shaba inaonekana. Niutumie?
Usiweke maziwa. Mpelekee fundi autie bati upya. Na usiuweke motoni mtupu, bati huyeyuka kwa nyuzi 232.

— Sisi Njombe tunapikia chuma cha pua na jibini inatoka safi. Shaba ya nini?
Kwa jibini laini, baki na chuma chako, dada. Shaba hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko chuma cha pua, na faida hiyo inaonekana kwenye jibini ngumu za kupikwa. Gurudumu moja la Comté hula kama lita 400 za maziwa. Kwa lita 10 za nyumbani tofauti ni ndogo kuliko bei.