Traka ya setilaiti kwa wanaoruka: maelekezo kutoka upande wa gari

Kazi yangu ni kufuata kwa gari watu wanaoruka. Wao wako juu na paraglaida, lile bawa la kitambaa, mimi niko chini na Land Cruiser, maji, kamba na simu mbili, nazunguka kati ya Moshi, Himo, Kahe na Mwanga mpaka watue. Baadhi ya wageni ninaowabeba, huko kwao hurusha glaida, ile ndege ya mabawa marefu isiyo na injini, na traka wanazokuja nazo ni zilezile. Naandika kutoka upande wa gari kwa sababu maelekezo mengi humlenga rubani, na rubani tayari anajua yuko wapi. Traka ni ya yule asiyejua: dereva, mke, mama, rafiki aliyebaki Majengo anaangalia simu.

Kifaa chenyewe kinaenea kiganjani. Kinapata mahali kilipo kwa GPS, halafu kinarusha nukta hiyo kwa setilaiti bila kuhitaji mnara wa simu. Mimi naiona kwenye ukurasa wa ramani, kwa bando la kawaida. Maana yake rubani anaweza kuwa porini kabisa na nukta zikaendelea kuja, lakini mimi nikiingia bonde lisilo na intaneti sizioni tena. Kwa hiyo kabla sijaacha lami napiga picha ya skrini ya nukta ya mwisho, na kila siku ya kuruka kuna mtu wa tatu anayekaa mjini kwenye mtandao mzuri. Yeye ananitumia namba za nukta kwa SMS ya kawaida. SMS hupenya mahali ambapo ramani inazunguka tu bila kufunguka.

Ukinunua, angalia kwanza kinatumia setilaiti za nani. Traka za Garmin inReach hutumia Iridium, kampuni yenye setilaiti 66 kwenye urefu wa kilomita 780 hivi, na hizo hupokezana ujumbe zenyewe kwa zenyewe angani, ndiyo maana zinafunika dunia nzima. Traka za SPOT hutumia kampuni ya Globalstar, ambayo setilaiti yake lazima ione kituo cha ardhini wakati huohuo inapokiona kifaa chako. Kwa safari za huku mimi nashauri Iridium, na nashauri kifaa kinachotuma na kupokea. Kabla ya kukiingiza nchini uliza TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kuhusu kibali, kama ambavyo ruhusa ya kuruka unaitafuta TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na KINAPA, hifadhi ya Kilimanjaro, kama utagusa mlima.

Sasa mahali pa kukifunga. Antena inataka anga. Kwenye paraglaida kifunge juu ya mkanda wa begani, usikitie kwenye mfuko wa nyuma ya kiti chini ya nguo na chakula. Kwenye glaida watu hupenda kukibandika karibu na vipimo vya mbele ya rubani. Pale chini ya kioo kinaona anga vizuri, ila mimi sipapendi. Rubani wa glaida huvaa parachuti, na akilazimika kuruka nje, ndege itaanguka kwake na yeye kwake, na traka iliyobaki kwenye ndege itanipeleka kwenye vyuma wakati mtu yuko kilomita kadhaa kando. Kifunge kwenye mikanda ya parachuti. Na kama ndege imejengwa kwa kaboni, usikiweke nyuma ya ukuta wake, kwa kuwa kaboni huzuia mawimbi ya redio.

Anayeona haya yote ni usumbufu, namkumbusha Steve Fossett. Huyu ni Mmarekani ambaye mwaka 2006, akiwa na Einar Enevoldson, alipanda na glaida juu ya Argentina hadi zaidi ya mita 15,000. Tarehe 3 Septemba 2007 aliondoka Nevada peke yake kwa ndege ndogo ya injini, bila kuacha mpango wa safari. Alitafutwa kwa ndege na kwa watu wengi mno. Mabaki ya ndege yalionekana Oktoba 2008, kwenye milima ya California. Mtu mwenye uzoefu wa namna ile, na mwaka mzima ukapita hakuna anayejua aanzie wapi.

Muda kati ya nukta na nukta ni jambo la kulipia. Vifaa vingi huja vimepangwa kutuma kila dakika 10. Paraglaida inayokwenda kilomita 40 kwa saa inakata karibu kilomita 7 katika dakika hizo, na glaida ya kilomita 100 kwa saa inakata karibu 17. Nukta ya mwisho inaniambia alipokuwa, na kilomita 17 za pori la Simanjiro kwa miguu ni siku nzima. Weka dakika 5 au pungufu kama kifurushi chako kinaruhusu. Betri itakwisha mapema kidogo, basi chaji usiku.

Kiwashe ukiwa uwanjani pa kurukia, nje, dakika kumi hivi kabla ya kuruka, na subiri nukta ya kwanza ionekane kwa mtu wa chini. Asiyeiona asiseme "poa". Aseme hajaiona, na rubani asubiri.

Kuhusu saa, hapa ndipo Watanzania na wageni wanapopotezana. Rubani anasema 14:20. Mimi nasema saa nane na dakika ishirini mchana. Ukurasa wa ramani, kama haukupangwa, unaandika 11:20, kwa sababu unafuata saa ya dunia, UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Mama aliye nyumbani akiona 11:20 atasoma saa tano na dakika ishirini asubuhi, aone mwanawe ametoweka kwa saa tatu, aanze kupigia watu simu huku analia. Ingia kwenye akaunti, panga saa ya Afrika Mashariki, halafu kaa na kila atakayefuatilia mpaka akusomee nukta moja kwa mdomo na useme ndiyo, hiyo ndiyo saa.

Vilevile namba za mahali. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo yetu ina alama ya kutoa mbele. Moshi mjini ni kama -3.35, 37.34. Ukiidondosha ile alama wakati wa kunakili, ramani inakutupa jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, zaidi ya kilomita 700 kutoka hapa. Hilo utalishtukia. Usilolishtukia ni hili: 3°21' na 3.21 si kitu kimoja. Digrii 3 na dakika 21 ni 3.35. Ukiandika 3.21 umenisogeza kilomita 15 kaskazini, naelekea msitu wa Kilimanjaro wakati wewe umekaa chini ya mgunga Moshi. Tukubaliane kutumia desimali tu, na namba zitumwe kama maandishi, zisisomwe kwenye simu huku upepo unavuma.

Kusoma nukta nako kuna ujuzi wake. Nikiibonyeza naona mwendo na urefu kutoka usawa wa bahari. Tambarare za kusini mwa Moshi ziko kwenye mita 700 hadi 800 hivi. Nukta ya mita 2,400 ikikaa sehemu moja, huyo anazunguka kwenye hewa moto inayopanda, na mimi nakunywa chai. Nukta ya mita 740 yenye mwendo sifuri, huyo ametua, nawasha gari. Halafu naangalia barabara kabla ya umbali. Bwawa la Nyumba ya Mungu limekaa mpakani mwa Mwanga na Simanjiro, na nukta iliyo ng'ambo ya maji inaweza kuonekana iko karibu kabisa na gari wakati barabara inakuzungusha bwawa zima. Rubani anayejua hilo atachagua kutua upande wa lami. Ramani za kusoma bila intaneti, kwa mfano za OsmAnd, zipakue ukiwa nyumbani, za Kilimanjaro na za Manyara pia.

Kubalianeni maneno kabla. inReach ina nafasi ya jumbe tatu zilizoandikwa tayari, na hizo huandikwa kwenye akaunti ukiwa bado una intaneti, kisha unaziingiza kwenye kifaa. Zangu ni hizi: "Nimetua salama, nifuate." "Nimetua salama, narudi mwenyewe." "Nimetua, nina shida, uhai hauko hatarini." Rubani abonyeze moja kabla hata ya kukunja paraglaida. Nukta ikisimama nusu saa bila ujumbe, mimi nakwenda, na sitaki mtu aniombe radhi baadaye kwamba alikuwa anapiga soga na wachunga ng'ombe. Akishapanda gari, azime ufuatiliaji, la sivyo watu nyumbani wataona "anaruka" juu ya lami ya Mwanga kwa kilomita 60 kwa saa.

Traka haikuonyeshi kwa mnara wa KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, wala kwa ndege inayokuja Moshi. Wao hawauoni ukurasa wako. Kaa mbali na anga yao, na ongea nao kwa njia zao.

Kitufe cha SOS, cha kuomba msaada wa dharura, ni kitu kingine kabisa. Ukikibonyeza, ujumbe hauji kwangu. Unakwenda kituo cha uokoaji nje ya nchi, kwa inReach ni Marekani, na wao ndio wanaopiga simu kwa namba ulizoandika kama watu wa dharura. Kwa hiyo andika mtu aliye Moshi au Arusha, anayejua utakuwa upande gani, anayeongea Kiingereza cha kutosha na anayelala na simu karibu. Umwambie mapema kwamba siku ya kuruka, namba ngeni inayoanza na +1 asiikate akidhani ni matapeli. Awe ameandika kwenye karatasi namba ya dereva, rangi ya paraglaida, kundi la damu, na kwamba hospitali ya kupelekwa ni KCMC. Namba yake iandikwe kwa kuanza na +255, ile sifuri ya mwanzo iondolewe.