Kuchuja muvi za Krismasi kabla watoto hawajaziona

Bwana Yesu asifiwe, wazazi wenzangu. Shule zimefungwa, mvua inawafungia watoto ndani, na hapa Tabora, uwe Isevya au Ng'ambo, ukipeleka flashi dukani unajaziwa muvi kibao bila hata kuambiwa ni zipi. Anayekujazia hamjui mwanao. Kuchuja ni kazi yetu, na mimi huwa nafanya hivi.

Hatua ya 1: Nenda na majina. Ukisema tu "nijazie za Krismasi", umeshamkabidhi mtu mwingine likizo nzima ya mtoto. Angalia na alama za umri za Marekani: G ni ya rika zote, PG inataka mzazi aongoze. Zinakuonya kuhusu matusi, mapigano na mapenzi, ila hazipimi imani.

Hatua ya 2: Msikilize mtafsiri. Hapa ndipo wengi tunapitiwa. Muvi ikishatafsiriwa, DJ, yaani huyo mtafsiri, naye anaongea na mwanao, na wapo wanaoongeza ya kwao: utani juu ya mwili wa mwanamke, kejeli za makabila, matusi ambayo mwigizaji hakuyatamka. Alama ya G haimhusu DJ. Watoto wakishalala, sikiliza kidogo mwanzo, ruka katikati, sikiliza tena. Akitukana, tafuta nakala isiyotafsiriwa, kaa nao uwasimulie mwenyewe.

Hatua ya 3: Tazama nani anashangiliwa. Tumezoea kuhesabu maovu: kuna wizi, kuna uongo, basi haifai. Kwa kipimo hicho hata habari za Yusufu na ndugu zake tungezifungia. Chukua Home Alone ya 1990, yenye alama ya PG. Kevin, mtoto wa miaka 8, anamjibu mama yake vibaya na kutamani familia yote itoweke. Kesho yake wanasafiri kwenda Paris na kumsahau nyumbani, karibu na Chicago. Wezi wanapokuja anawatega, na watoto wetu wanaangua kicheko pasi inapomdondokea mwizi usoni. Hapo usinyamaze. Mitaani kwetu wameshasikia mwizi akipigwa na umati. Wasijifunze kwamba maumivu ya mtu ni burudani.

Lakini muvi hiyohiyo ina sehemu ambayo singependa waikose. Kevin anaingia kanisani, kwaya ya watoto inaimba, na mzee jirani ambaye Kevin alikuwa akimwogopa anakuja kuketi karibu naye. Mzee hasemezani na mwanawe. Kevin anamwambia ampigie simu, na mwisho anawaona kwa dirishani wamekumbatiana. Mimi nasimamisha pale nawauliza: "Katika ukoo wetu, nani hatusemezani naye?" Jiandae, maana jibu laweza kuwa shangazi yao uliyemnunia wewe.

Hatua ya 4: Uliza Yesu yuko wapi. Kwangu hili ni zito kuliko matusi. The Polar Express ya 2004 ina alama ya G na ni safi, ila mtoto anahimizwa kuamini kwa moyo wote, na anayeaminiwa ni Santa. Siikatazi. Nawaambia kwanza kwamba jina hilo limetokana na Nikolasi, askofu wa Mira, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, karne ya 4, mtumishi wa Kristo. A Charlie Brown Christmas ya 1965 ni fupi, haifiki hata nusu saa, na ndani yake mtoto anasimama jukwaani na kusema kwa moyo habari za wachungaji kutoka Luka 2. Nikilazimika kuchagua moja tu, ni hiyo.

Hatua ya 5: Ikiisha, zimeni, msome Luka 2 pamoja.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. The Star ya 2017 imewakutanisha Mamajusi na wachungaji zizini. Si kupotosha Neno huko?

Marahaba. Ni kosa, nami nalitumia. Wape watoto Mathayo 2:11 watafute wenyewe: Mamajusi waliingia nyumbani. Waulize pia imeandikwa wapi kwamba walikuwa watatu. Watakuta zawadi tatu tu.

Mwalimu, watoto wa jirani ni Waislamu na hushinda sebuleni kwangu. Niwafukuze ikianza?

Hapana, dada. Nenda kwa mama yao kabla ya siku hiyo, mwambie ni muvi ya kuzaliwa kwa Yesu, aamue mwenyewe. Akikataa, siku hiyo wekeni nyingine. Kumfundisha mtoto wa mwenzio kwa kificho si haki, hata nia iwe njema.

Mimi niko sokoni mpaka jioni, binti wa kazi ndiye anawasha TV. Wakichoka wanakimbilia banda la video.

Kaka, flashi ondoka nayo mfukoni, umwachie binti nyingine yenye zile ulizokwisha kuzikagua, hata kama ni tatu tu. Watoto hawachoki kurudia. Banda la video mimi nakataa kabisa. Muvi hukuchagua, mtafsiri hukumsikiliza, na aliyekaa kando ya mwanao gizani humjui. Jumamosi jioni ukirudi, angalieni moja mpya pamoja, na kidhibiti ukishike wewe.