Kutoka Inkscape hadi kwa mchapaji

Wengi wakifungua Inkscape, programu ya kuchora kwa kompyuta, hukimbilia kalamu. Mimi huanza na karatasi. Bonyeza Ctrl+Shift+D, chagua milimita badala ya pikseli, uandike ukubwa halisi wa kazi. Tuseme ni bango la A3, yaani 297 kwa 420. Kisu cha kukatia karatasi huteleza kidogo, kwa hiyo rangi ya chini lazima ivuke ukingo kwa milimita 3 kila upande. Chora mstatili wa 303 kwa 426 usio na mstari wa pembeni, kisha kwenye X na Y andika -3. Maandishi yarudi ndani ya ukingo, angalau milimita 5.

Rasimu ya penseli ikiwepo, iingize kwenye tabaka lake, ipauke kidogo, ulifunge tabaka hilo ili lisikusumbue. Tabaka jipya juu yake, bonyeza B upate kalamu. Hapa nina msimamo: nodi, yaani vidoto vinavyoshikilia mstari, ziwe chache. Bawa la ndege hukaa vizuri kwa nodi nne au tano. Ukiweka ishirini utapata bawa lenye vinundu, na kila ukitaka kulirekebisha ni adhabu. Weka nodi pale mkunjo unapobadili mwelekeo, vuta mshikio wake (kijiti cha kupinda mstari), songa mbele. Kurekebisha utarekebisha baadaye kwa kubonyeza N upate zana ya nodi. Ctrl+L hupunguza nodi yenyewe, lakini siipendi, maana hulegeza hata pembe ulizozitaka kali.

Maumbo mawili huunganishwa kwa Ctrl na alama ya kujumlisha, na hukatwa kwa Ctrl na ya kutoa. Kwenye kukata, umbo la juu ndilo kisu.

Kugeuza picha kuwa vekta, yaani mistari na maumbo badala ya pikseli, kwa Shift+Alt+B kunafaa kwa sahihi au nembo ya wino mweusi. Uso wa mtu? Utarundikiwa vipande visivyo na kichwa wala miguu. Chora kwa mkono.

Kwenye rangi ndiko watu huumia. Skrini hutoa rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na bluu, RGB. Mashine ya ofseti, inayochapa kwa mabamba, hutumia wino wa CMYK: samawati, majenta, njano na nyeusi (K). Kile kijani kinachowaka machoni pako, wino hizo nne haziwezi kukitoa. Vitelezi vya CMYK vya Inkscape visikudanganye: hadi toleo la 1.4, ukishachagua, rangi huhifadhiwa kama RGB. Nyeusi ndiyo yenye hila zaidi, kwa sababu nyeusi ya RGB ikigeuzwa kwa kawaida husambazwa kwenye wino zote nne, na bamba moja likisogea kidogo tu, herufi ndogo huota ukungu wa rangi pembeni.

Ndiyo maana maandishi madogo siyaweki Inkscape kamwe. Mchoro nauhifadhi kama SVG, faili ya kawaida ya Inkscape, nauingiza Scribus, nayo ni programu huria ya kupanga kurasa, na humo naandika kwa K asilimia 100 peke yake. Kichwa kikubwa cha habari naweza kukiacha Inkscape na kukigeuza kuwa njia, yaani maumbo ya kuchorwa, kwa Ctrl+Shift+C, ila kwenye nakala ya faili. Herufi zikishakuwa njia, kosa la tahajia huwezi tena kulisahihisha kwa kuandika.

Vivuli vyenye ukungu havivuki salama kwenda Scribus. Sehemu hiyo itoe Inkscape kama PNG ya dpi 300 (vidoto 300 kwa kila inchi). Ukitoa PDF moja kwa moja kutoka Inkscape, angalia kisanduku cha dpi: mara nyingi husimama kwenye 96, na kivuli kitachapwa kikiwa na ngazi ngazi.

Muulize mchapaji anataka PDF/X ipi, yaani aina gani ya PDF ya uchapishaji, na profaili gani ya rangi (faili inayoeleza rangi za mashine yake). PDF/X-1a na X-3 hazikubali uwazi. Mchoro wako ukiwa na maumbo yanayopenyeza rangi ya chini, omba akubali X-4. Kabla ya kuituma, ifungue hiyo PDF na kisomaji kingine kabisa, ukuze hadi kwenye kona zote nne, uone kama rangi kweli imevuka ukingo.