Kuandaa waraka wa Word unaosomeka na asiyeona

Kisoma skrini kama NVDA, yaani programu inayomsomea asiyeona kwa sauti yaliyo kwenye skrini, hakitambui kichwa cha habari kwa ukubwa wa herufi wala wino mzito, kinatambua mitindo (Styles) ya Word. Kipe kichwa kikuu mtindo wa Heading 1, vidogo Heading 2. Msomaji akiwa katika hali ya kuvinjari (browse mode) ya kisoma skrini ataruka kutoka kichwa hadi kichwa kwa kubonyeza H, badala ya kusikiliza kurasa 40 mfululizo.

Picha: bofya kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Alt Text (maelezo ya picha yanayosomwa na kisoma skrini), andika sentensi moja au mbili. Usianze na "picha ya". Kisoma skrini kimeshalisema hilo. Kwa grafu, eleza inachoonyesha, si rangi zake.

Maandishi ya kawaida yanahitaji uwiano wa utofautishaji (tofauti ya mwangaza kati ya herufi na mandharinyuma) usiopungua 4.5:1. Kijivu hafifu juu ya nyeupe, wanachokipenda mno wabunifu, hakifiki hapo.

Kazi nyingi huharibikia kwenye PDF. Ukipitia Print, mitindo na maelezo ya picha hupotea. Tumia Save As, chagua aina ya faili PDF, fungua Options, utie tiki kwenye Document structure tags for accessibility. Na barua iliyogongwa mhuri kisha ikaskaniwa? Hiyo ni picha tupu, kisoma skrini hakina cha kusoma. Ambatisha faili asili.