Kabla hujahama na blogu, anza na anwani

Blogu nyingi za Dar zilizoanza zama za intaneti kafe bado zinakaa Blogspot, yaani kwenye Blogger ya Google, na wenyewe kila mwaka wanasema watahama. Wapo wanaoitamani WordPress, wapo wa Ghost, na siku hizi wengi wanaitazama Substack. Sababu za kuhama zipo. Typepad, huduma ya blogu iliyokuwepo tangu 2003, ilifungwa Septemba 30, 2025, na waliokuwa humo walipewa takribani mwezi mmoja kuondoa vitu vyao. Google nayo, tangu Desemba 2023, hufuta akaunti binafsi ambazo hazijatumika kwa miaka 2. Tatizo ni pa kuanzia. Mtu anakesha akichagua rangi na mwandiko, vitu ambavyo hata mwakani vitabadilishwa, huku hajui makala zake za zamani zitapatikana kwa anwani gani zikishahama. Maandishi yakipotea, unayarudisha kutoka kwenye nakala. Linki iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo mwaka 2015 huwezi kwenda kuirekebisha.

Kabla ya yote, hakikisha blogu ni yako kweli. Akaunti ilifunguliwa kwa barua pepe ipi, na ile namba ya uthibitisho inakwenda kwenye laini gani? Laini uliyoacha kuweka vocha miaka mingi huenda kampuni ya simu imeshampa mtu mwingine. Ingia leo, badilisha namba, ongeza barua pepe ya pili, na zile namba za akiba za kuingilia ziandike kwenye daftari. Kama una domeini, yaani jina lako mwenyewe la tovuti, uliza imesajiliwa kwa jina la nani. Mara nyingi ni la yule kijana aliyekutengenezea tovuti, naye sasa yuko Dodoma kikazi. Mpigie mkiwa bado mnasalimiana vizuri.

Halafu pakua kila kitu. Blogger na WordPress zote hukupa faili moja la XML lenye makala zako, na wengi wakiliona kwenye kompyuta wanadhani kazi imekwisha. Humo ndani picha hazimo. Kuna linki za picha tu, na picha zenyewe zimebaki kwenye seva, yaani kompyuta inayoihifadhi blogu ya zamani. Ukiifunga blogu ya zamani kabla ya wakati, makala zitabaki na mashimo. Watumiaji wa Photobucket, huduma ya kuhifadhi picha mtandaoni, walionja jambo hili mwaka 2017, pale kampuni hiyo ilipoacha kuruhusu picha zake kuonekana bure kwenye tovuti za wengine. Kwa hiyo pakua picha pembeni, kwa bando la usiku kama ni nyingi, na faili la XML liweke sehemu mbili: kwenye flashi na mahali pengine mtandaoni. Kisha lifungue kwa macho yako uone kama makala ya mwisho na ya kwanza zote zimo.

Sasa anwani zenyewe, na hapa ndipo ningetumia nusu ya muda wote. Makala ya Blogspot huwa na anwani yenye mwaka, mwezi, maneno ya kichwa na .html mwishoni. Substack huweka /p/ na jina la makala, basi. Hupewi nafasi ya kupanga. WordPress unayoiweka mwenyewe kwenye seva uliyolipia inakuruhusu kuunda mpangilio uleule wa mwaka, mwezi na .html. Ghost inakubali faili la kuelekeza anwani za zamani kwenye mpya. Kwa mtu mwenye makala za miaka kumi, tofauti hiyo kwangu ina uzito kuliko uzuri wa ukurasa wowote.

Anwani ya blogspot.com yenyewe si yako, hivyo huwezi kuipeleka unakotaka. Lakini kuna njia. Nunua domeini kwanza, iwe .co.tz au .com, uiunganishe na blogu hiyohiyo ya Blogger. Kuanzia hapo Blogger yenyewe inampeleka kwenye domeini yako kila anayebonyeza anwani ya zamani. Iache hivyo kwa miezi kadhaa, wasomaji na Google wazoee, ndipo uihamishie domeini kwenye mfumo mpya. Ukielekeza anwani, tumia alama ya 301, inayosema kitu kimehama moja kwa moja, si 302 inayosema kimetoka kidogo. Google inashauri uelekezaji huo udumu angalau mwaka 1.

Yapo mawili yanayotupata sisi tunaoandika Kiswahili, na mwongozo ulioandikwa kwa Kiingereza haukutahadharishi. La kwanza ni ng'. Kichwa chenye ng'ambo au ng'ombe, mfumo mmoja huimeza ile alama na kuandika ngambo, mwingine huweka kistari, ng-ambo. Programu ya kuingiza makala mara nyingi hutunga anwani upya kutoka kwenye kichwa, na Blogger ilikuwa ikikata vichwa virefu, kwa hiyo anwani mbili hazifanani na linki inakufa. Ndani ya makala, herufi zikisomwa kwa mfumo usio UTF-8, ule wa kuhifadhi herufi unaotumika karibu kote mtandaoni, utakuta ngâ€™ambo. Tafuta â€ kwenye makala chache ulizojaribishia kabla hujaingiza zote.

La pili ni saa. Mifumo mingi huja ikiwa kwenye UTC, saa ya kimataifa, iliyo saa tatu nyuma yetu. Makala uliyochapisha saa saba usiku, Machi 1, 2015, kwa UTC bado ni saa nne usiku, Februari 28. Kama anwani ina mwezi, 03 inageuka 02 na msomaji anakuta ukurasa mtupu. Dawa yake inachekesha kidogo: kabla ya kuingiza, weka saa ileile iliyokuwa kwenye blogu ya zamani, hata kama ilikuwa ya Marekani kwa sababu hukuwahi kuigusa. Weka ya Dar es Salaam baadaye, kwa makala mpya. Ukiwa hapohapo, badilisha na lugha ya tovuti iwe Kiswahili, kivinjari cha msomaji kisidhani ni Kiingereza kibovu.

Kuhusu domeini, kumbuka kubadilisha seva hakukulazimu kuhamisha usajili. Yafanye kwa nyakati tofauti, maana domeini za .com zilizosajiliwa au kuhamishwa karibuni hufungwa siku 60 zisihamishwe tena. Siku moja au mbili kabla, kwenye DNS, orodha inayoonyesha domeini iko seva ipi, punguza TTL, yaani muda wa kukumbukwa kwa taarifa hiyo, iwe sekunde 300, ili mabadiliko yaenee upesi na ukitaka kurudi nyuma urudi. Nakili rekodi zote za DNS, hasa MX, zinazoelekeza barua pepe. Ukizisahau hizo, tovuti itapendeza huku barua pepe zako haziingii, na utajua pale mteja atakapokuuliza mbona hujibu.

Kama una orodha ya barua pepe za wasomaji, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakuhusu, hasa orodha inapopelekwa kwenye seva za nje. Waandikie kabla, waambie inaenda wapi, anayetaka kujitoa ajitoe. Na kama blogu ina leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, waulize mapema kuhusu kubadilisha anwani.

Malipo ya seva nyingi ni kwa dola, kwa kadi, na hujirudia. Weka kumbukumbu kwenye simu wiki mbili kabla ya tarehe. Kadi isiyo na salio huzima tovuti kimyakimya.

Siku yenyewe chagua katikati ya wiki, asubuhi, watoa huduma wakiwa kazini. Usipange tangazo kubwa siku hiyo. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu na intaneti ikayumba nchi nzima. Mtu aliyekuwa katikati ya kuhama siku ile alihitaji blogu ya zamani iwe bado hewani. Ukimaliza, usijaribu kwa kompyuta yako, maana imehifadhi kurasa za zamani. Azima simu ya mtu, ya Android ya bei nafuu, yenye bando lake, ubonyeze linki za zamani ulizowahi kutuma WhatsApp. Zinazokufa zielekeze moja moja, halafu ndipo uwatangazie watu kwamba umehama.