Namna ya kuandaa kikao cha haki rejeshi baada ya ukatili wa kijinsia

Kikao cha haki rejeshi, yaani mazungumzo ya hiari kati ya aliyetendewa na mtenda kuhusu namna ya kurekebisha madhara, si ile suluhu ya ukoo ambayo baba wa binti hupokea mbuzi wawili wa faini, huku binti mwenyewe yuko jikoni akiwachemshia wazee chai. Aliyebakwa afikishwe kwanza hospitali kabla ya saa 72 kupita, ili aanzishiwe dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, na kwa Tanzania asikose PF3, fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi kwa matibabu. Kesi ya ubakaji haimalizwi barazani.

Kikao huja baadaye, tena kwa ridhaa ya mwathirika tu. Mwendeshaji akutane na kila upande faraghani, hata mara tatu ikibidi, na mtenda akikana kosa, kikao kisifanyike kabisa. Mwathirika aulizwe mapema angependa kukaa wapi (kiti cha karibu na mlango humpa mtu nafasi ya kutoka bila kuomba ruhusa) na nani aandamane naye. Msamaha usidaiwe. Yaandikwe makubaliano yanayopimika: gharama za matibabu, tarehe ya mtenda kuhama nyumba, na jina la atakayefuatilia kila mwezi.