Kufuga nguruwe wa kienyeji nje, ndani ya uzio

Nguruwe wa kienyeji wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, mweusi au wa madoadoa na mwenye pua ndefu, ameumbwa kufukua ardhi, na kumfungia bandani maisha yake yote ni kumnyima haki yake. Hata hivyo, kumwacha azurure kijijini ni kosa kubwa zaidi. Akila kinyesi cha mtu mwenye tegu, yaani mnyoo bapa wa utumbo, nyama yake huota vijifuko vya mabuu ya mnyoo huyo. Anayekula nyama hiyo kabla haijaiva hupata tegu, na mayai ya tegu yakiingia kinywani mwa mtu huweza kumjengea vijifuko ubongoni na kumletea kifafa. Ndiyo maana wanunuzi wa wilaya ya Mbozi humlaza nguruwe chini, wakamvuta ulimi na kuupapasa wakitafuta punje za vijifuko hivyo, kabla ya kutaja bei. Basi choo cha familia kitangulie, uzio ufuate, nguruwe waje mwisho.

Kwa majike wawili, tenga nusu ekari na uigawe vipande vinne. Ukingo wa chini wa wavu uufukie vizuri, kwa sababu nguruwe hutoroka kwa kuchimba. Wahamishe kabla nyasi hazijaisha, kisha panda viazi vitamu katika kipande walichokiacha, ambacho tayari kimelimwa na kutiwa mbolea. Kila kipande kiwe na kivuli, maji safi na dimbwi la tope, maana nguruwe hawezi kujipoza kwa jasho.

Malisho peke yake hayatoshi. Ongeza pumba za mahindi na mashudu ya alizeti. Makombo ya hotelini yachemshwe kwa dakika 30, la sivyo yanaweza kukuletea homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioelezwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921 na ambao hadi leo hauna tiba. Virusi vyake hukaa kwa ngiri, nguruwe pori na papasi, hivyo anayepakana na pori ajenge uzio wa pili. Nguruwe akifa ghafla, mwite daktari wa mifugo, usiuze waliobaki.

Jike hubeba mimba kwa siku 114. Siku zikikaribia, mwekee nyasi kavu kibandani, naye atazibeba kwa mdomo, fungu baada ya fungu, atengeneze kiota. Watoto wanaofukua udongo mapema hujipatia madini ya chuma, ambayo wenzao wa bandani huchomwa sindano ili wayapate. Waachishe kunyonya wakifikisha wiki 8.